Likizo ya Amu: Mama Naye Apumzike



Shule zinakaribia kufungwa, na katika nyumba nyingi za pwani yetu swali ni lile lile: safari hii tuwapeleke wapi watoto? Wenye wasaa huifikiria Unguja, au Dubai. Wengi wetu hatuna wasaa huo, na hata tungekuwa nao, tunacho kisiwa karibu ambacho watu wa mabara ya mbali huvuka bahari kuja kukiona. Kisiwa hicho ni Lamu, ambacho wenyewe hukiita Amu.

Makala haya yanaeleza namna familia ya Kiislamu inavyoweza kukaa Amu kwa siku chache: mahali pa kuzuru, vyakula vya kula na vinapopatikana, na adabu za kuchunga. Lakini liko jambo moja tunaloomba lizingatiwe kabla ya mzigo wa kwanza kufungwa. Safari nyingi za familia zetu humpumzisha kila mtu ila mama. Baba huketi upepeni, watoto huogelea, naye mama huwa ameamka kabla ya alfajiri kukanda unga wa mahamri. Mchana yu mbele ya sufuria ya wali, na jioni anafua nguo zilizojaa chumvi na mchanga. Alichobadilisha ni jiko. Hurudi nyumbani amechoka kuliko alivyoondoka, na kesho yake shughuli za kila siku zinamngoja pale pale alipoziacha.

Mwenendo wa Mtume wetu (s.a.w.) unatufunza vingine. Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kwamba alikuwa akiwasaidia watu wa nyumba yake katika kazi zao, na wakati wa swala ulipoingia alitoka kwenda kuswali. Imepokewa pia kwamba katika mojawapo ya safari zake alishindana mbio na Bi Aisha, na Bi Aisha akamshinda; siku nyingine wakarudia, Mtume akamshinda yeye. Mke alichukuliwa safarini akacheza na kufurahi pamoja na mumewe. Basi na tuipange likizo ya Amu kwa mwendo huo, na tutaona kwamba mji wenyewe unatusaidia.

Kujiandaa na njia

Desemba ni wakati wa kaskazi. Bahari hutulia, jua huwa kali, na bei za nyumba hupanda kwa kuwa wageni ni wengi. Agosti ni wakati wa kusi. Hewa huwa na baridi kidogo na nyumba hupatikana kwa urahisi zaidi, lakini bahari ya nje huchafuka na upepo hurusha mchanga ufuoni. Aprili ni masika, na mwenye watoto wadogo ni bora aiache.

Waendao kwa ndege hutua kisiwani Manda, kisha huvuka kwa boti dakika chache. Waendao kwa basi kutoka Mombasa hupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, na hapo huvuka kwa boti hadi Amu. Njia ya Garsen hadi Mokowe imewahi kupatwa na mashambulizi, na zimekuwako nyakati ambapo magari husafiri kwa msafara wa kusindikizwa na polisi. Ulizieni hali ilivyo siku chache kabla ya kuondoka, na msafiri mchana. Mkifika gatini, vijana wa kubeba mizigo huwazunguka wageni. Wengi wao ni watu wema wanaotafuta riziki. Kubalianeni nao bei kabla begi halijainuliwa, na hapatakuwa na maneno.

Kuhusu swala, safari ya kutoka Mombasa au Malindi hadi Amu ni ndefu ya kutosha kuruhusu kupunguza na kukusanya. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili au zaidi, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, hukumu ya safari humkatikia mara afikapo, na huswali kamili. Anayekaa chini ya hapo huendelea na ruhusa yake. Mwenye shaka na amuulize sheikh wa mtaani kwake kabla ya kuondoka.

Kwa malazi ziko njia mbili. Ya kwanza ni chumba katika nyumba ya wageni. Ya pili, ifaayo zaidi kwa familia, ni kukodi nyumba nzima ya mawe, yenye kiwanda cha wazi katikati na orofa ya juu iliyoezekwa makuti. Familia mbili za udugu zikishirikiana, gharama hugawanyika na mwanamke huweza kuvua buibui lake akawa huru. Nyumba nyingi za kukodi huwa na mpishi wake: mgeni hununua samaki na viungo, mpishi akapika. Ulizeni habari hiyo mapema, kwani ndiyo itakayoamua kama mama atapumzika au hatapumzika.

Mji wa kale

Mji wa kale wa Amu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na huhesabiwa kuwa mji wa Waswahili wa kale uliohifadhika vizuri kuliko yote katika Afrika ya Mashariki. Si makumbusho yaliyofungwa kwa kamba. Watu wanazaliwa, wanaoana na kuzikwa katika nyumba zile zile za matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Mitaa ni membamba hata gari haliwezi kupita. Mizigo hubebwa na punda, na mtoto wa miaka sita huweza kutembea mbele ya mama yake bila mama kushika moyo kwa hofu ya matatu. Kwa mzazi wa Mombasa, hilo peke yake ni mapumziko.

Tembeeni asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Anzeni Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome. Ngome hiyo ilijengwa katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19, baada ya vita vya Shela ambavyo watu wa Amu waliwashinda Wapate na Mazrui wa Mombasa. (Msomaji wa Mombasa asiudhike, zamani ni zamani.) Baadaye ikawa gereza kwa miaka mingi, na leo ni mahali pa maonyesho na mikutano. Kando yake ni soko. Kutoka hapo Njia Kuu, iitwayo pia Usita wa Mui, hupita katikati ya mji: upande wa kaskazini ni Mkomani, penye majumba makubwa ya mawe na milango ya nakshi, upande wa kusini ni Langoni, penye maduka na pilikapilika zaidi.

Makumbusho ya Lamu yaliyo ukingoni mwa bahari yatawafaa watoto wa shule, lakini msiikose Nyumba ya Waswahili, nyumba ya kale iliyowekwa kama ilivyokuwa ikikaliwa. Ndani yake mtaona jinsi wazee wetu walivyojenga kwa kuchunga stara. Mgeni hupokewa katika daka, nje ya mlango, na njia ya kuingilia imepindwa ili mpita njia asione ndani. Kisha huja kiwanda, halafu msana, na kila hatua ya kwenda mbele ni hatua ya kuingia faraghani, hadi kufikia ndani kabisa penye zidaka za kupangia vyombo. Mitaani mtaona pia wikio, daraja la ghorofani linalounganisha nyumba mbili juu ya njia, ambalo lilimwezesha mwanamke kumtembelea jirani bila kushuka mtaani.

Waelezeni watoto na upande wa pili. Wanawake wa kiungwana wa Amu walipotoka walistiriwa kwa shiraa, kitambaa kikubwa mfano wa hema, na waliolibeba shiraa hilo walikuwa watumwa. Maji yaliyotekwa, nafaka iliyotwangwa na chakula kilichopikwa katika majumba yale kilikuwa jasho la watu wasiokuwa na hiari. Raha ya mmoja ilibebwa mabegani mwa mwingine. Jambo hili latuhusu hata leo, kwa kuwa baadhi yetu husafiri na dada wa kazi, tukamwachia yeye watoto, jiko na nguo, kisha tukasema tumepumzika. Naye ni mtu wa nyumba yetu. Na aione bahari pia, apewe siku yake, na alipwe haki yake kwa wakati.

Chakula, bila kumfunga mama jikoni

Amu haina haja ya mama mgeni kupika. Mji mzima hupika, na sehemu kubwa ya wapishi wake ni wanawake wanaolea watoto kwa mapato hayo. Kununua kwao ni kumpumzisha mama mmoja na kumsaidia mwingine.

Asubuhi, mtumeni kijana wa kiume wa nyumba, au baba mwenyewe, kununua mahamri na mbaazi za nazi, au vitumbua vikiwa moto. Majumba kadhaa huuza mlangoni, na mwenyeji wenu atawaonyesha ya karibu. Ulizieni mkate wa mofa. Huu ni mkate wa unga wa nafaka uokwao kwa kubandikwa ndani ya tanuri la udongo; kwa nje hukauka, kwa ndani huwa laini, na huliwa kwa mchuzi wa samaki, au kwa samli na asali. Katika miji yetu mingi mkate huu unatoweka kwa kuwa tanuri zake zimeachwa. Mtoto aliyekwisha kuuonja atajua kwamba mkate si wa kukatwa vipande dukani tu.

Mchana, zipo hoteli za chakula kando ya Njia Kuu na ukingoni mwa bahari, ambazo hupika wali wa nazi, samaki wa kupaka, maharagwe ya nazi na mchuzi wa papa. Samaki wa kupaka ndiye wa kuagizwa kwanza. Huchomwa kwa makaa nusu ya kuiva, kisha hupakwa tui zito lililochanganywa na ukwaju au ndimu, pilipili na kitunguu saumu, akarudishwa motoni na kupakwa tena hadi tui lishikane na nyama. Changu na tewa hufaa sana kwa mapishi haya. Ijumaa, ulizeni pilau au biriani mapema, maana baada ya swala huisha upesi.

Kwa familia kubwa, iliyo bora kuliko hoteli ni kuagiza kwa mpishi wa nyumbani. Mwambieni mwenyeji wenu usiku uliotangulia awaunganishe na mama apikaye kwa oda. Tajeni idadi ya watu, chakula mtakacho na saa ya kula. Kubalianeni bei na mtangulize sehemu ya malipo ili apate kwenda sokoni. Adhuhuri chakula kitafika katika hotpoti, pamoja na sinia, kachumbari na achari ya embe. Mkila mkaridhika, mlipeni papo hapo kilichobaki, na msianze kuomba apunguze baada ya kushiba. Jasho lake halijakauka.

Jioni, baada ya Magharibi, ndipo mji hupata uhai wake. Mkunguni na Langoni hutoka moshi wa mishkaki. Hapo pana viazi vya karai, bajia, sambusa, kachiri za muhogo na mahindi ya kuchoma. Familia nzima huweza kula kwa gharama ndogo, ikiwa imeketi au inatembea. Juisi za Amu zina sifa yake: ukwaju, embe, pasheni, na ndimu iliyosagwa na tangawizi. Ulizeni kama maji yaliyotumiwa ni ya kuchemshwa au ya chupa, hasa kwa watoto. Kwa mwisho wa usiku ipo kahawa chungu kwa tende au haluwa. Baraza za kahawa kwa desturi ni za wanaume. Basi baba akiisha zungumza na kunywa, na akumbuke kurudi na fungu la haluwa nyumbani, na si harufu yake tu.

Kuhusu vya baharini, wafuasi wa Imam Shafi wana wasaa mkubwa: kamba, kamba mti, ngisi na pweza ni halali kwao, ilhali wanazuoni wametofautiana juu ya kaa. Ndugu zetu wa madhehebu ya Hanafi hujizuia na visivyokuwa samaki. Familia zilizochanganyika na zikumbuke jambo hili zinapoagiza sinia la pamoja, ili asiwepo atakayebaki na wali mtupu. Nyama katika mji wa Amu ni ya machinjo ya Waislamu. Ila baadhi ya hoteli zinazolenga watalii, hasa upande wa Shela na Manda, huuza pombe. Ulizeni kabla ya kuketi, na mkiona hapafai, ondokeni kwa adabu. Pa kula ni pengi.

Shela na bahari

Shela ni kijiji kilicho kusini mashariki mwa mji wa Amu. Kwa miguu ukingoni mwa bahari ni mwendo wa kiasi cha dakika arobaini na tano, na kwa boti ni kama robo saa. Kuanzia hapo ufuo wa mchanga mweupe hunyooka kilomita zipatazo kumi na mbili, na nyuma yake yamesimama machuguu ya mchanga.

Urefu huo ni neema kwa wanawake wetu. Karibu na kijiji wako watalii, na baadhi yao mavazi yao si ya kutazamwa. Tembeeni dakika ishirini au thelathini zaidi, hasa asubuhi na mapema, na mtapata mahali ambapo hapana mtu. Hapo akina mama na mabinti huweza kuingia majini kwa mavazi ya stara bila macho ya watu. Chagueni nguo nyepesi zisizoshika maji mengi, maana buibui zito likilowa humvuta mtu chini. Vijana wa kiume wazungumzwe nao nyumbani kabla ya kwenda, kwa upole na bila vitisho: kuinamisha macho ni amri iliyowahusu wao pia.

Upande huo hutazama bahari kuu, na mikondo yake ina nguvu. Msitarajie kukuta mlinzi wa waogeleaji. Wakati wa kusi msiingie zaidi ya magotini, na wakati wowote mtoto asiachwe majini bila mtu mzima wa kumwangalia yeye tu. Waulizeni wavuvi ni mahali gani ni salama na ni saa gani maji hutoka.

Hapa ndipo tunapowaomba akina baba jambo la wazi. Chukueni zamu ya kuwalinda watoto kwa saa moja au mbili kila siku, nanyi msishike simu. Mwacheni mama atembee na dada zake, aogelee, asome, au alale kivulini. Wako wanawake kati yetu waliozaliwa pwani, wakaolewa pwani, na hawajaingia baharini tangu walipokuwa wasichana, kwa kuwa kila wafikapo ufuoni huwa ndio walinzi wa viatu, wa mkeka na wa chakula.

Machuguu ya Shela nayo yana kazi ambayo mgeni haioni. Mvua inyeshayo juu yake huchujwa na mchanga, ikahifadhika chini ikiwa maji matamu, na hayo ndiyo ambayo mji wa Amu umeyategemea kwa visima vyake. Waelezeni watoto kwamba chupa ya plastiki wanayoiacha pale wanaiacha juu ya paa la kisima cha watu.

Manda, Matondoni na Siyu

Siku ya tatu kodini mashua ya familia nzima, ili msichanganyike na wageni wengine. Semeni bei, muda na mahali kabla ya kupanda, na muulize kama jaketi za kujiokoa zipo kwa idadi yenu, za watoto zikiwamo. Nahodha mwema hatachukizwa na swali hilo.

Safari ya kwanza ni magofu ya Takwa, kisiwani Manda. Mashua huingia kwa mkono wa bahari katikati ya mikoko, na ni lazima maji yawe yamejaa. Kwa hiyo saa ya kuondoka huipanga bahari wala si nyinyi. Takwa ulikuwa mji wa Waislamu baina ya karne ya 15 na ya 17. Msikiti wake wa Ijumaa ungalipo bila paa, na mihirabu yake inaonekana, na nje ya ukuta wa mji liko kaburi la mnara. Watu wake waliuhama, na inasimuliwa kwamba visima viliingia chumvi. Walihamia Shela, na vizazi vyao vimeendelea kurudi Takwa kuwazuru wazee wao na kuomba mvua. Simameni kidogo pale. Mtoto aliyekuwa akilalamika kwamba maji ya kuoga ni machache ataelewa zaidi mbele ya kisima cha Takwa kuliko kwa mawaidha ya saa nzima.

Matondoni ni kijiji cha magharibi mwa kisiwa cha Amu, kinachojulikana kwa ufundi wa kuunda vyombo vya bahari na kwa ususi wa wanawake. Mkinunua mkeka, pakacha au kofia huko, mnampa aliyesuka mwenyewe bila mchuuzi wa katikati.

Wenye siku za ziada na moyo wa safari ndefu wanaweza kwenda Siyu, kisiwani Pate. Siyu ilikuwa mji wa wanazuoni na mafundi, na misahafu iliyoandikwa huko kwa mkono, kwa wino wa rangi na nakshi, imehifadhiwa hadi leo. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia bintiye utendi mashuhuri katika karne ya 19, alizaliwa Pate na kuolewa na mtawala wa Siyu. Binti zetu husoma utendi wake. Kuiona nchi yake huwakumbusha kwamba aliyeandika alikuwa mama mgonjwa aliyemhofia mtoto wake.

Ibada na adabu

Amu ina misikiti zaidi ya ishirini, na adhana zake hupokezana hata mgeni akadhani mji mzima unaitika. Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh, aliyekuja kutoka Ngazija, ndio uliojulikana zaidi kwa elimu. Katika mwezi wa Mfungo Sita watu humiminika kutoka pwani nzima kwa maulidi, na vyumba hujaa. Apendaye utulivu na achague wakati mwingine, na apendaye maulidi na atafute nyumba miezi kabla. Si kila msikiti una mahali pa wanawake, basi ulizeni kwanza.

Wapeni salamu mnaowapita. Mji ni mdogo na watu wake husalimiana. Msimpige mtu picha bila idhini, hasa wanawake, na msipige picha ndani ya nyumba kwa kuwa mlango uko wazi. Punda si kitu cha kuchezewa. Mkiona aliyejeruhiwa, ipo zahanati ya punda mjini, iliyokuwako tangu 1987, na watoto hupenda kuizuru na kuona kwamba kumhurumia mnyama ni kazi ya watu wazima.

Mpango mfupi

Siku ya kufika: pumzikeni, mle cha kununua, na baba apange vitu. Siku ya pili: mji wa kale asubuhi, chakula cha oda adhuhuri, Mkunguni usiku. Siku ya tatu: Takwa kwa mashua kwa saa ya maji kujaa, na alasiri Matondoni kwa atakaye. Siku ya nne: Shela tangu baada ya Alfajiri. Siku ya tano: haluwa ya zawadi kwa majirani, na safari ya kurudi.

Kabla ya kuondoka nyumbani, kaeni pamoja mgawane kazi kwa majina: nani atanunua mahamri, nani ataosha vyombo, nani ataanika nguo, nani atawaogesha wadogo. Jina la mama lisitajwe zaidi ya mara moja. Akitaka mwenyewe kupika chungu kimoja kwa furaha ya kumpata kamba mbichi, hiyo ni hiari yake, na atasaidiwa kumenya vitunguu.

Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba safari ina taabu zake, na msafiri akiisha haja yake na aharakishe kurudi kwa watu wake. Basi msivute siku mpaka pesa za karo ziguswe. Siku nne zilizopangwa vyema zinatosha, na mama akirudi ana nguvu, nyumba nzima itauona muhula mpya kwa uso mwingine.

Mwenyezi Mungu azijaalie safari zetu kuwa za salama na heri, azilinde nyumba tunazoziacha, na awarehemu wazazi wetu waliotulea bila kupumzika. Amin.